Tulivyomlinda Babu Asiokoke

Wiki iliyopita bwenini kwetu palinuka, na kusema palinuka ni kuwahurumia. Kuna jamaa yetu tunamwita Askofu, kwa ajili ya kitambi wala si kwa ajili ya maombi. Alificha kachumbari ya kabichi kwenye hotipoti chini ya kitanda, akaisahau, na joto la Mwanza likamalizia upishi. Siku alipoifungua, watu walitoroka kupitia madirishani. Mimi peke yangu nilibaki. Nilipiga magoti, nikaingiza pua kwenye ile hotipoti kama mtu anayejifukiza mafua, na kabla sijaelewa kinachonipata, macho yakanijaa maji. Jamaa wakasema ni asidi. Nikawaambia ndiyo, ni asidi, hiyo ni kemia ya bure, andikeni. Mnanijua nilivyo. Kuna mambo nikiulizwa naleta utani mpaka muulizaji anachoka mwenyewe, na hilo nalo nililipitisha kwa mlango huo huo. Lakini tangu siku ile sijatulia, kwa sababu ile ilikuwa harufu ya nyumbani kwa kina Kabula.

Nimekulia Kamanga, ng'ambo ya jiji, pale kivuko kinapogeuzia pua kurudi Mwanza. Nyumba yetu ilipakana na uzio wa misheni. Mkisikia misheni msifikirie majengo ya mawe na kengele. Ilikuwa kanisa la bati, chekechea ya vyumba viwili, kisima cha pampu, na nyumba ya Mchungaji Choi, Mkorea ambaye Kamanga nzima ilimwita Mchina mpaka akachoka kukataa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitusalimia "wangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hata jua linapozama. Mkewe aliitwa Mama Kabula, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza jina lake jingine. Kabula mwenyewe kwenye pasipoti alikuwa na jina la kwao ambalo ulimi wangu uliligomea, lakini alizaliwa hapa hapa, siku ambayo mvua ilikata njia ya kivukoni, na akina mama waliomzalisha hawakusubiri ruhusa ya mtu. Mtoto wa kike wa mvua ni Kabula. Mimi nilizaliwa masika hayo hayo, nikawa Mabula. Basi tukahesabika mapacha, mmoja mweusi kama sufuria la msibani, mwingine mweupe kama sembe, na ole wake mgeni aliyebisha.

Harufu ilitoka kwenye kabichi. Mama Kabula aliichana, akaikanda kwa chumvi, vitunguu saumu na pilipili kichaa mpaka mikono inamwiva, akaishindilia kwenye ndoo, kisha akaifukia ile ndoo ardhini nyuma ya jiko. Mara ya kwanza kumwona anaifukua, nikainusa, nikakimbia nyumbani kumwambia mama kwamba Wachina wamefukua maiti na sasa wanaipakua kwenye sahani. Nilichapwa kwa uzushi. Jumapili iliyofuata nililetewa sahani, nikala, nikalia, nikaomba nyongeza.

Jumamosi familia yote ilizunguka nyumba kwa nyumba na gitaa. Walikuwa na sanduku la miwani iliyotumika, iliyotoka kwa wazee wa kanisa lao huko Korea, na Mchungaji aliwajaribishia watu mmoja mmoja mpaka mtu aone tundu la sindano. Hakukuwa na kuchagua. Kuna mvuvi mmoja, mtu wa misuli, aliyeshona nyavu miaka na miaka akiwa na miwani ya pinki yenye maua kwenye mikono yake, na hakuna aliyethubutu kumcheka, kwa sababu sasa alikuwa anatuona vizuri. Wengi waliokoka kwa njia hiyo. Sijui kama ni neno au ni miwani. Ila kila mara watu walipobatizwa ziwani, Mama Kabula alipika, na tukala.

Kazi ngumu ilikuwa Babu yangu, baba yake mama. Alifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kifua kikajaa vumbi, halafu akaja kukaa kwetu kukohoa, kunywa pombe ya mtama na kuiba karatani. Mchungaji alimtembelea kila Alhamisi. Walikaa nje ya jiko letu, mama akawawekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Mchungaji alikuja na kibakuli cha kabichi. Babu aliiita mboga ya hasira. Aliila na ugali na dagaa huku jasho likimtiririka hadi kidevuni, akiitukana na kuiongeza. Kisha wakacheza karata. Babu aliiba, Mchungaji akaona, akanyamaza. Mwisho Mchungaji alisafisha koo, akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, leo?"

Babu alilitazama ziwa kama mtu anayeangalia bei sokoni. "Bado nalipima."

Wakacheka wote wawili, wakaagana mpaka Alhamisi nyingine. Mama, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, aliona aibu kupita kiasi. Siku moja alimlipukia Babu kwamba anamdhalilisha mtumishi wa Mungu aliyevuka bahari kwa ajili ya watu kama yeye. Babu hakukasirika. Alimwuliza tu kuhusu jirani yetu, Mzee Nkwabi, aliyeokoka zamani.

"Mchungaji amekwenda lini kwa Nkwabi mara ya mwisho?"

Mama akafikiri. Akaanza kukusanya vikombe.

"Umeona? Huyu mtu anawatembelea wasiookoka. Nikiokoka mimi nitacheza karata na nani, na wewe?"

Mimi nilikuwa chini ya meza nikisikiliza, na niliona ni hoja nzito kuliko zote nilizowahi kusikia kanisani. Hata leo sijaipatia jibu.

Halafu likaja lile hubiri. Mchungaji alikuwa amezoea kuhubiri habari za kondoo, Kabula akamwambia, baba, hapa hakuna mtu atakayemtafuta kondoo hadi jioni, sema ng'ombe. Jumapili ile akasema ng'ombe. Alihubiri kwa Kiswahili chake cha kuchechemea kwamba mchungaji mzuri halali, halali kabisa, mpaka ng'ombe wa mwisho aingie zizini. Akiingia, mchungaji anafunga zizi, anafurahi, anakwenda nyumbani. Kanisa zima la Wasukuma lilielewa kuliko siku zote. Watu waliitikia mpaka bati likatetemeka. Na wote, kama walioambiana, wakageuka kutazama dirishani, ambako Babu alikuwa ameegemea kwa nje akisikiliza kwaya, kama kawaida yake.

Mimi nikaanza kuhesabu. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili na hesabu zangu zilikuwa zimenyooka. Ng'ombe wa mwisho ni Babu. Wakatoliki na Waislamu wa Kamanga sikuwahesabu, maana hao walikuwa na mazizi yao. Babu akiingia, Mchungaji anafunga zizi, anakwenda nyumbani. Na nyumbani kwa Mchungaji ni Korea.

Nilimweleza Kabula nyuma ya kisima. Nilitegemea anicheke, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kunicheka. Hakucheka. Aliuma kucha akafikiri.

"Baba hasemi uongo," akasema. "Mabula, mimi huko hata choo sijui kiko wapi."

Tangu hapo tukawa walinzi wa dhambi za Babu. Ilikuwa kazi, msione mchezo. Kila Jumatano tulikwenda kwa Mama Shija, mpika pombe, tukamwoshea madumu, naye akatujazia kikombe cha kumpelekea mzee, ili Alhamisi imkute Babu akiwa na dhambi mbichi. Kabula, binti wa mchungaji, ndiye aliyebeba, kwenye ndoo ndogo ya kabichi, kwa sababu ndoo ile hakuna mtu angeinusa kwa hiari. Alhamisi tulijificha nyuma ya jiko. Tukisikia sauti ya Babu inalainika, tunafungulia mbuzi aje kuvuruga kikao. Ilifika wakati Babu akaugua malaria, akaomba aombewe, na Mchungaji akapiga magoti pembeni ya kitanda. Tulifikiri tumekwisha. Kabula aliingia chumbani akaanguka chini, akajifanya naye anaumwa, akatetemeka vizuri mpaka Mchungaji akamwacha Babu akambeba mwanawe mbio hadi zahanati, ambako alichomwa sindano ya kweli. Hakunisema. Alitembea upande upande siku kadhaa, na kila aliponipita alinionyesha ngumi.

Tulikuwa tunashinda. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa, kwamba tulikuwa tunashinda.

Siku moja Kabula alikuja kwenye uzio na hakupanda. Alisimama upande wake akashika waya. Aliniambia mama yake ameosha ndoo zote za kabichi na ameanza kuwagawia majirani.

Ningekuwa mkubwa ningeuliza maswali. Lakini hata mtoto alijua kwamba nyumba ile ikigawa ndoo imekwisha. Nikamwambia haiwezekani, Babu bado, jana tu amemwibia baba yake karata ya malkia wa kopa.

"Nimewaambia," akasema Kabula. "Nimewaambia Babu bado. Wakacheka. Halafu mama akalia."

Alhamisi iliyofuata Mchungaji alikuja bila kibakuli. Hatukuweza kufungulia mbuzi kwa sababu hatukujua ni wakati gani wa kumfungulia. Alizungumza na Babu kwa sauti ya chini, wala karata hazikutoka mfukoni. Alipoondoka hakuuliza lile swali lake. Nadhani ilikuwa Alhamisi ya kwanza asiulize. Babu alibaki amekaa na michembe mbele yake mpaka mama akaja kuiondoa, ndipo akasema, bila kumtazama, "Jumapili niandalie suruali. Naingia majini."

Mama alipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna harusi. Mimi nilimrukia Babu, nikamshika shati, nikamwuliza kwa nini, na kwa nini sasa.

"Mgeni haondoki mikono mitupu," akasema. "Ningempa mbuzi, mbuzi hapandi ndege. Yule miaka yote hii ameniomba kitu kimoja tu."

Nilijitahidi, jamani. Jumamosi niliichukua ile suruali nikaitumbukiza chooni. Jumapili Babu akajifunga kitenge cha mama chenye picha za mananasi, akatembea nacho hadi ufukweni akiwa ameinua kidevu kama chifu. Shemasi alikuwa akirusha mawe majini kufukuza mamba, kama walivyofanya siku zote kabla ya ubatizo, nami nikamwomba Mungu alete mamba, mdogo tu, asimuume mtu. Hakuleta. Mchungaji akaingia mpaka kiunoni, Babu akamfuata, kwaya ikaanza. Ikanijia kwamba kama watu wangejua alivyo kweli, wangekataa kumbatiza. Nikapanda juu ya jiwe nikapaza sauti. Nikasema huyu mzee ni mlevi. Nikasema anaiba karatani, anaiba sukari ya mama, anamtukana mwenyekiti wa kijiji kwa Kisukuma akidhani hatuelewi. Nikasema bado hajatubu, mtoeni.

Kanisa zima likaitikia amina. Kila dhambi niliyoitaja, amina. Walidhani Babu amenituma niziungame kwa niaba yake, kwa kuwa kifua chake kibovu. Shemasi akanipigia makofi. Babu alinigeukia kutoka majini, ametoa macho, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Na ile ya kengele ya baiskeli ya mwalimu umeisahau." Amina, wakasema. Kisha Mchungaji akamzamisha, akamtoa, na wakabaki wameshikana pale majini, kitenge kinaelea, wakati kwaya imeshamaliza wimbo na haijui ianze upi.

Nilimsubiri Mchungaji nje ya kanisa akibadilisha nguo. Alipotoka, nywele bado zinadondosha maji, nikamwuliza lile nililokuwa nalo. Kama Babu akitenda dhambi leo, jioni hii, watabaki?

Kwanza alicheka. Halafu akaona kwamba mimi sicheki. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mabula, sikia. Si Babu. Kanisa yetu kule Korea, watu wazee. Watoto hapana. Wazee wanakufa. Wale waliotuma sisi, wamebaki kidogo tu. Hawawezi tena."

Nilitazama kanisa letu. Lilikuwa limejaa, watoto wengine wamekaa madirishani, yule mvuvi anatoka na miwani yake ya pinki. Nikamwambia basi sisi tuwatume. Sisi tupo wengi. Tuwatume hapa hapa.

Alijifuta uso kwa shati. Akaniwekea mkono wenye maji kichwani, akauacha pale, mzito, na nilipomtazama nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu mzima, tena mchungaji mwenye gari na gitaa na majibu. Hakuwa na la kufanya. Alikuwa ametumwa kuja, na sasa anatumwa kurudi, kama mimi ninavyotumwa chumvi.

Waliondoka kesho yake kwa kivuko cha mchana. Mabegi yalijaa kwenye pikapu mpaka yakafungwa kamba. Kabula alivalishwa koti la baridi kwa sababu halikuingia kwenye begi, na jua lilikuwa la kuchoma ugali. Watu waliimba, mama alishindwa kuongoza kwaya. Babu alikuja hadi kivukoni na fimbo yake. Yeye na Mchungaji walishikana mikono, halafu Babu akamwambia wangaluka, mchana ule, na Mchungaji akajibu.

Kabula hakulia. Alikuwa amekasirika. Alinivuta pembeni, karibu na minyororo ya kivuko, jasho linamtoka kwenye kola ya manyoya, akaninong'oneza kwamba bado kuna muda.

"Fikiria, Mabula."

"Nafikiria."

"Wewe una mipango kila siku. Fikiria basi."

Na kweli nilikuwa na mipango kila siku. Nilijua kufungulia mbuzi, nilijua chooni kunameza suruali, nilijua kupanda juu ya jiwe. Nikafikiria kwa nguvu zangu zote mpaka masikio yakavuma. Mpango haukuja. Mama yake akamwita kwa lile jina la pasipoti, mara ya kwanza namsikia akimwita hivyo mbele ya watu, na Kabula akageuka kama mtu anayeitwa na polisi. Mlango wa kivuko ukaanza kunyanyuka. Kabula alisimama nyuma ya mlango akinitazama kwa juu yake, halafu yakabaki macho tu, halafu mlango ukamaliza kupanda.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Shija, nikamwoshea madumu yote bila kuambiwa, akanijazia kikombe. Nilikibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Babu, aliyekuwa amekaa nje ya jiko, nikakiweka chini mbele yake. Mchungaji alikuwa amenieleza ukweli, nami nilikuwa nimeusikia, lakini sikuwa na ukweli mwingine wa kuufanyia kazi. Ng'ombe akitoka zizini, mwenyewe hurudi kumtafuta. Kesho kivuko kipo.

"Kunywa, Babu."

Alikitazama kikombe. Akalamba midomo.

"Yule nimeshampa," akasema. "Kitu ulichompa mtu hukifuati."

"Ameshaondoka."

"Ndiyo. Ameondoka nacho."

Nikakaa chini. Hakunifukuza, wala hakukigusa. Kikombe kikabaki katikati yetu mpaka kuku wakaja, wakachovya midomo, wakainua vichwa juu, wakachovya tena. Jogoo ndiye aliyekunywa kuliko wote. Akaondoka kwa upande, akaugonga ukuta wa jiko, akaupandishia kifua, akauwikia. Siku nyingine yoyote Babu angecheka mpaka kikohozi kimshike, na mimi ningemwigiza yule jogoo Kamanga nzima hadi nichapwe. Tulimtazama tu. Akaanguka, akasimama, akaanguka tena, na kati yetu hakuna aliyejua la kumfanyia.